Namna ya kuandika mapitio ya kazi tangulizi katika tasnifu ya Kiswahili

Mwanafunzi akirudishiwa sura ya pili, yaani sura ya mapitio, ikiwa imeandikwa pembeni "umeorodhesha tu, hujafanya mapitio", mara nyingi huongeza vitabu. Sura iliyokuwa na kurasa 15 inakuwa na 30, na maoni ya msimamizi yanabaki yaleyale. Idadi ya vitabu siyo tatizo. Tatizo ni kwamba sura haijui inamthibitishia nini msomaji.

Sura ya mapitio ina kazi moja: kumwonyesha msomaji, kwa ushahidi wa waliokutangulia, kwamba swali lako bado halijajibiwa na kwamba linastahili kujibiwa. Kila aya isiyosaidia kazi hiyo ni mzigo, hata kama imeandikwa vizuri. Maelezo yanayofuata yanamlenga mwanafunzi wa shahada ya umahiri anayeandika kwa Kiswahili, ingawa wa uzamivu naye atafuata njia hiyohiyo kwa kina zaidi. Mfano tutakaoutumia ni mmoja mpaka mwisho: mwanafunzi anayetaka kutafiti msamiati wa wavuvi wa Kilwa na namna unavyoingizwa, au kuachwa, katika kamusi za Kiswahili. Watafiti tutakaowataja kwa herufi A na B ni wa kubuni, wapo kwa ajili ya kuonyesha tu.

Anza na swali, kisha utafute

Usifungue kompyuta kutafuta maandiko kabla hujaandika swali lako kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. "Uvuvi na lugha" ni mada. "Ni vitenzi gani vinavyotumiwa na wavuvi wa Kilwa wakiwa chomboni ambavyo havimo katika kamusi za Kiswahili, na kwa nini havimo?" ni swali. Ukishakuwa na swali, lichambue upate makundi ya kutafutia. Hili la kwetu linatoa makundi matatu: msamiati wa wavuvi, Kiswahili cha pwani ya kusini, na namna wanakamusi wanavyochagua vidahizo, yaani maneno yanayoorodheshwa na kufafanuliwa katika kamusi. Makundi hayo yatageuka kuwa sehemu za sura yako, kwa hiyo dakika 30 unazotumia hapa zitakuokolea wiki nzima huko mbele.

Tafuta kila kundi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu kazi nyingi kuhusu Kiswahili zimeandikwa kwa Kiingereza, na nyingine kwa Kijerumani. Kwa Kiswahili jaribu visawe vyote: mtafiti mmoja ameandika "istilahi", mwingine "msamiati", wa tatu "leksia". Kwenye Google Scholar ukifunga maneno ndani ya alama za mtajo, mashine inatafuta maneno hayo kwa mfuatano uleule. Ukipata makala nzuri, fuata njia mbili. Rudi nyuma kwa kusoma marejeleo yake, kisha nenda mbele kwa kubofya kiungo kinachoonyesha nani ameinukuu. Njia hii ya pili wanafunzi wengi hawaitumii, na matokeo yake sura inaishia kwenye kazi za miaka ya 1990.

Tasnifu za Kiswahili hazipatikani kirahisi kwenye mashine za kutafutia za jumla. Ingia moja kwa moja kwenye hazina za mtandaoni za vyuo: Dar es Salaam, Dodoma, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na kwa upande wa Kenya, Nairobi, Kenyatta na Moi. Kwa majarida, tazama AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika, na Swahili Forum, linalosomwa bure mtandaoni. Kazi za zamani za TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), ambayo tangu 2009 imeunganishwa ndani ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), nyingi zipo kwenye karatasi tu. Panga siku ya kwenda maktaba ukiwa na orodha mkononi.

Acha kutafuta pale ambapo makala mpya unazozipata zinanukuu kazi ambazo tayari unazo. Hiyo ndiyo dalili ya kuaminika kuliko idadi yoyote. Kama ni lazima uwe na kadirio la kupangia muda, kazi 30 hadi 40 zilizosomwa vizuri zinatosha kwa tasnifu nyingi za umahiri. Lakini mwongozo wa chuo chako ndio unaotawala.

Soma ukiwa na jedwali wazi

Usisome kila kitu kuanzia ukurasa wa kwanza. Ipe kila kazi dakika 15 za mchujo: ikisiri (muhtasari wa mwanzoni), aya za mwisho za utangulizi, sehemu ya mbinu, kisha hitimisho. Baada ya hapo iweke katika moja ya mafungu matatu: ya kusoma yote, ya kusoma sehemu, ya kuacha. Usione aibu kuacha.

Zile unazozisoma, ziingize kwenye lahajedwali papo hapo, kila kazi mstari mmoja. Safu zinazohitajika ni hizi: mwandishi na mwaka, swali alilouliza, mahali na watoataarifa, mbinu za kukusanya data, nadharia, matokeo makuu, namba ya ukurasa, na ya mwisho, "inanisaidia nini kwenye swali langu". Safu hiyo ya mwisho ijaze kwa sentensi kamili. Ukishindwa kuijaza, pengine kazi hiyo haikuhusu.

Namba ya ukurasa iandikwe palepale. Ukiiacha kwa ajili ya baadaye utatumia siku mbili kutafuta sentensi moja ndani ya kitabu ulichokwisha kirudisha maktaba. Maneno uliyoyanakili kama yalivyo yafunge kwenye alama za mtajo hata katika jedwali lako binafsi. Visa vingi vya wizi wa kitaaluma huanzia hapa bila nia mbaya: baada ya miezi mitatu mwanafunzi anasoma maandishi yake na kudhani maneno ni yake. Pia anza mapema kutumia programu ya kuhifadhi marejeleo. Zotero ni ya bure na inafanya kazi hata bila intaneti. Lakini kagua kila rejeo, maana mara kwa mara inachanganya jina la jarida na jina la makala, au inaandika majina kwa herufi kubwa tupu.

Jedwali likishajaa, lisome kwenda chini. Hapa ndipo mapitio yanapozaliwa. Ukisoma kwenda pembeni unapata muhtasari wa mtu mmoja mmoja. Ukishuka na safu ya mbinu unaweza kuona kwamba karibu wote walifanya usaili nchi kavu na hakuna aliyepanda chombo. Ukishuka na safu ya mahali unaona wengi walikuwa Unguja na Pemba. Mambo ya namna hiyo hayamo katika makala hata moja. Yanaonekana tu ukizisoma kwa pamoja. Ukishayaona una kitu cha kusema.

Aya moja, kwa karibu

Hii hapa aya ya aina inayopatikana katika rasimu nyingi:

"A (2008) alitafiti msamiati wa wavuvi wa Unguja. Alitumia usaili na hojaji. Matokeo yake yalionyesha kuwa wavuvi wana msamiati mwingi ambao haumo katika kamusi. Utafiti huu ni muhimu kwetu kwa sababu unahusu wavuvi. Hata hivyo, unatofautiana na utafiti wetu kwa kuwa yeye alitafiti Unguja na sisi tunatafiti Kilwa. B (2013) naye alitafiti msamiati wa wavuvi wa Pemba. Alitumia usaili…"

Aya inaanza na mtu, inaeleza alichofanya, inamsifu kidogo, inasema "hata hivyo", halafu inahamia kwa mtu mwingine. Ukipanga aya 25 za namna hii msomaji hachukui chochote, kwa sababu kila aya inaanza upya na hakuna inayojenga juu ya iliyotangulia. Ukibadilisha mpangilio wa aya hizo hakuna kitakachoharibika. Hicho ndicho kipimo: kama aya zinaweza kuchanganywa ovyo bila hasara, bado una orodha.

Sasa tazama taarifa zilezile zikiwa zimepangwa kwa hoja:

"Waliokusanya msamiati wa wavuvi wa visiwani wanakubaliana kwamba majina ya zana, kama dema, juya na jarife, yameingia katika kamusi kwa kiasi kikubwa kuliko vitenzi vinavyotaja namna zana hizo zinavyotumiwa (A, 2008; B, 2013). Wanachotofautiana ni sababu. A (2008) analihusisha jambo hilo na mazoea ya wanakamusi ya kutegemea matini andishi, ilhali shughuli za baharini haziandikwi. B (2013) anaona kwamba vitenzi vingi vya uvuvi ni vitenzi vya kawaida, kama kutega, kuvuta na kushusha, ambavyo wanakamusi huviona vimekwisha fafanuliwa. Hata hivyo, data za wote wawili zilitokana na usaili uliofanyika nchi kavu, ambako mvuvi huulizwa jina la kitu anachoonyeshwa. Mbinu hiyo huibua nomino kwa wingi na vitenzi kwa uchache. Kwa hiyo bado haijajulikana kama vitenzi hivyo hubeba maana mahsusi vinapotumiwa chomboni, na hilo ndilo linalochunguzwa katika lengo la pili la utafiti huu."

Sentensi ya kwanza ni dai lako kuhusu kundi zima, na wanaolithibitisha wamo ndani ya mabano. Ya pili inafungua mgogoro. Mbili zinazofuata zinampa kila mtafiti nafasi yake kwa haki, bila kumdhoofisha. Kisha unakuja uhakiki. Huo haukomei kwenye kusema kwamba walikuwa mahali pengine. Unaeleza kwa nini mbinu yao isingeweza kulijibu swali. Sentensi ya mwisho inampeleka msomaji kwenye lengo mahsusi lenye namba. Aya nzima haina neno la sifa wala la dharau.

Siyo lazima kila aya iwe na hatua zote hizo. Nyingine zitakuwa na makubaliano tu, nyingine mgogoro tu. Lakini kila moja ianze na dai lako badala ya jina la mtu. Ukijikuta umeanza aya tatu mfululizo kwa jina na mwaka kwenye mabano, simama upange upya.

Lugha inayobeba uhakiki

Kitenzi unachomtajia mtafiti kinamwambia msomaji msimamo wako kabla hujautoa. "Anaeleza" na "anabainisha" vinachukulia kwamba jambo ni kweli. "Anadai" kinaacha mlango wa shaka wazi. "Anapendekeza" kinafaa pale ambapo mwenyewe hakuwa na uhakika. "Aligundua" kitumike kwa matokeo yaliyotokana na data tu. Maoni ya mtu hayagunduliwi. Wanafunzi wengi huandika "anasema" kila mahali, au hubadilisha vitenzi ili kuepuka kurudiarudia, na wakati mwingine wanaishia kumkanusha mtafiti ambaye walikusudia kumuunga mkono.

Njeo, yaani alama za wakati katika kitenzi, nazo zina kazi. Hoja iliyomo kwenye kitabu hutajwa kwa -na-: "A anahusisha…". Kitendo cha utafiti kilichokwisha hutajwa kwa -li-: "alisaili wavuvi". Hali ya taaluma mpaka sasa huchukua -me-: "watafiti wamejikita zaidi kwenye nomino". Na kuna kosa moja linalowaudhi watahini wote: pendekezo la utafiti huandikwa kwa -ta-, kisha mwanafunzi hunakili sura zake kwenye tasnifu bila kubadilisha, na tasnifu iliyokamilika inasema "utafiti huu utafanyika Kilwa". Kabla ya kuwasilisha tafuta "uta", "zita", "ita" na "ata" katika faili nzima, moja baada ya nyingine.

Kosa jingine dogo lenye madhara makubwa ni "utafiti huu". Katika aya ya kwanza hapo juu, "utafiti huu" ni wa A, na katika sentensi inayofuata "utafiti wetu" ni wa mwanafunzi. Jiwekee kanuni: "utafiti huu" ni wako daima, wa mwingine ni "utafiti huo" au "utafiti wa A". Vivyo hivyo amua mapema kama utaandika "data hii" au "data hizi", "mtafiti" au "tulibaini", na usibadilishe mpaka ukurasa wa mwisho.

Kunukuu na kutafsiri

Mitindo inatofautiana kati ya chuo na chuo. Wengi wanafuata APA, mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambayo toleo lake la 7 lilitoka mwaka 2019. Katika toleo hilo, kazi yenye waandishi watatu au zaidi hutajwa kwa jina la mwandishi wa kwanza likifuatiwa na "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Toleo la 6 lilitaka kazi yenye waandishi watatu hadi watano itajwe kwa majina yote mara ya kwanza, na hilo ndilo linalochanganya watu wanaoiga tasnifu za zamani. Uliza toleo gani linatakiwa, kisha shikamana nalo.

Kazi ambayo hukuisoma usiijifanye umeisoma. Kama A umemkuta ndani ya B, andika "A (2008), kama alivyonukuliwa na B (2013)", na kwenye marejeleo aingie B peke yake. Afadhali zaidi mtafute A mwenyewe, kwani nukuu zikipita mikono miwili mara nyingi zinapoteza masharti aliyoyaweka mwandishi. "Huenda" ya A inakuwa "ni" ya B.

Kwa maandiko ya Kiingereza, kufasiri aya nzima kwa Kiswahili na kuweka jina la mwandishi mwishoni siyo kutoa muhtasari. Mpangilio wa hoja, mifano na mfuatano wa sentensi bado ni wa mwenyewe, na mtahini anayeifahamu kazi hiyo ataitambua hata kama programu ya kukagua ulinganifu haikuishika. Fanya hivi: soma ukurasa, funga faili, eleza hoja kwa sauti kana kwamba unamweleza mwenzako wa darasani, kisha andika ulichosema. Fungua tena ulinganishe. Ukitaka maneno kamili ya mwandishi, tafsiri nukuu fupi, ifunge kwa alama za mtajo, na uandike "tafsiri ya mtafiti" pamoja na ukurasa. Istilahi zikague kwenye kamusi za isimu na fasihi. Usiziachie programu ya kutafsiri ikuchagulie.

Programu za akili mnemba zinaweza kukutungia marejeleo ambayo hayapo: jina la kweli, jarida la kweli, makala isiyowahi kuandikwa. Rejeo lolote ambalo hukulifungua kwa macho yako lisiingie kwenye tasnifu.

Pengo

"Hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa kuhusu mada hii" ni sentensi ya hatari, kwa kuwa mtahini akiukumbuka mmoja tu, sura nzima inaanguka. Andika "katika kazi zilizosomwa" au "katika machapisho yaliyopatikana hadi kufikia mwaka fulani". Ni kauli ya kweli na unaweza kuitetea.

Tofauti ya mahali peke yake ni pengo dhaifu. Hata Unguja ina mambo mengi yasiyotafitiwa, na Lindi pia, na Mafia pia. Mtu anaweza kuhamisha utafiti mmoja wilaya kwa wilaya bila kuongeza maarifa. Kilwa inakuwa na maana ukitoa sababu ya kutarajia jibu tofauti: Kiswahili cha huko kinahusishwa na lahaja ya Kimgao, na wasemaji wake wameishi karibu na Wamatumbi na Wamwera, tofauti na hali ya visiwani. Sasa mahali pamegeuka kuwa hoja. Pengo la mbinu, kama lile la usaili wa nchi kavu, lina nguvu zaidi. Na lenye nguvu kuliko yote ni mgogoro ambao data ulizopanga kukusanya zinaweza kuuamua.

Kiunzi cha nadharia kisichukue nafasi kubwa. Taja waasisi na mwaka, orodhesha mihimili (mawazo makuu ya nadharia) utakayoitumia, na uonyeshe kila mhimili unajibu lengo lipi. Mihimili sita iliyotajwa sura ya pili na isiyoonekana tena sura ya nne, ya uchambuzi wa data, ni ushahidi kwamba nadharia iliwekwa kama pambo.

Kudurusu

Rasimu ikiisha, nakili sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye faili tupu na uzisome zenyewe kwa mfuatano. Zinapaswa kusomeka kama hoja moja inayosonga mbele. Zinaporuka, ndipo penye aya iliyokaa vibaya au iliyokosekana. Kisha shika malengo yako mahsusi na uulize kila sehemu ya sura inalisaidia lengo lipi. Sehemu isiyo na lengo iondoke, na lengo lisilo na sehemu liandikiwe au lifutwe. Mwisho linganisha majina ya ndani ya matini na orodha ya marejeleo, pande zote mbili. Kwa tasnifu ya kurasa 100 kazi hii inachukua nusu siku, na ikirukwa mtahini atakurudishia akufanyishe.

Ukirudi kutoka uwandani ifungue tena sura hii. Data hukataa baadhi ya mambo uliyoyategemea, na mara nyingine hufungua suala ambalo hukulisomea kabisa. Wavuvi wakikupa msamiati wa kusoma upepo na maji ambao hukuutarajia, sura ya nne itaujadili, kwa hiyo sura ya pili lazima iwe na waliolizungumzia jambo hilo.

Kwa msimamizi, usipeleke sura nzima kwa mara ya kwanza. Peleka sehemu moja ya kurasa nne au tano pamoja na swali la utafiti na jedwali lako, na uulize jambo mahsusi: "Je, mgogoro huu kati ya A na B nimeueleza kwa haki?" Swali la namna hiyo hupata jibu haraka kuliko "naomba maoni". Maoni yakirudi, yaweke kwenye jedwali la safu tatu: alichosema, nilichobadilisha, ukurasa. Lipeleke pamoja na rasimu inayofuata.